Kuchagua Laptopu ya Kurekodia Muziki kwa Msanii Asiyeona

Wauzaji wa laptopu wana mazoea ya kuanza na kioo: upana wake, ung'avu wake, rangi zake. Hata mimi nisiyeona, nikiingia dukani na fimbo yangu nyeupe, husifiwa kioo. Sifa hizo zisikupotezee fedha. Sisi tunaorekodi kasida na taarabu hapa Lamu kwa msaada wa kisoma skrini, yaani programu inayotamka yaliyo kwenye kioo, tunaitumia mashine kwa masikio na vidole, kwa hiyo kioo cha kawaida cha inchi 14 kinatosha, na fedha utakazookoa hapo zihamishie kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na kadi ya sauti, yaani kifaa cha kuunganisha maikrofoni na laptopu.

Kabla ya laptopu, chagua programu utakayorekodia, kwa sababu si kila programu ya muziki huelewana na kisoma skrini, na iliyo bubu haitasemeshwa na mashine ya bei yoyote. Kwenye Windows, njia iliyonyooka ni REAPER pamoja na programu yake ya nyongeza iitwayo OSARA, ambayo hukutajia jina la traki (sauti moja iliyorekodiwa peke yake), kiwango cha sauti na mahali ulipo katika wimbo, huku NVDA, kisoma skrini cha Windows, ikiyatamka hayo yote. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, kisha akaungana na James Teh, naye haoni. Teh huyo huyo ndiye aliyeanzisha OSARA, na mtu akizitumia hutambua upesi kwamba zimeundwa na watu wanaozihitaji wenyewe. Zote mbili ni za bure. REAPER hujaribiwa kwa siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani.

Kwenye Mac, kisoma skrini kiitwacho VoiceOver kimo ndani ya mfumo tangu mwaka 2005, GarageBand ni ya bure, Logic Pro huendeshwa vizuri kwa kibodi, na REAPER na OSARA hufanya kazi humo pia. Mimi nimebaki na Windows kwa sababu mbili: NVDA huja na sauti ya eSpeak inayosoma Kiswahili, na fundi wa laptopu ya Windows hapatikani kwa taabu. Hata hivyo, ukiwa na rafiki wa karibu anayerekodi kwa Mac bila kuona, fuata mfumo wake, maana msaada wa mtu aliye mtaa wa pili una thamani kuliko sababu zangu zote mbili.

Kuhusu vilivyomo ndani, tafuta RAM ya GB 16 na diski ya SSD isiyopungua GB 512. Traki moja ya biti 24 kwa hezi 48,000 hula karibu MB 8.6 kwa dakika, hivyo kikundi cha maulidi kilichowekewa maikrofoni kumi kwa saa moja kitakuachia zaidi ya GB 5 kabla hujahariri chochote. Prosesa iwe na nguvu ya kubaki, kwa sababu inapoelemewa NVDA huanza kugugumia; mwenye macho bado huona yuko wapi, ilhali wewe umepotea. Jiepushe kwa sasa na laptopu za Windows zenye prosesa za ARM, kwa kuwa kadi nyingi za sauti hazina draiva (programu ya kuziunganisha na Windows) zinazozifaa prosesa hizo, na plagini nyingi (programu ndogo za kurekebisha sauti) hazina matoleo yake. Sikiliza pia feni: matari huifunika, lakini udi ukipigwa polepole hauifuniki. MacBook Air za tangu 2020 zenye prosesa za Apple hazina feni kabisa. (Punda wa Lamu wana kelele zao, na kwa hao hakuna laptopu inayosaidia.)

Kibodi ndiyo inayostahili muda wako mwingi dukani. Papasa alama za F na J, kisha vitufe vya F1 hadi F12, uone kama vimetenganishwa katika makundi ya vinne vinne au vimebanana mstari mmoja. OSARA hutumia F12 kukueleza kazi ya kila kitufe, na laptopu nyingi hufungwa kiwandani hivi kwamba vitufe hivyo hubadilisha sauti na mwanga hadi ushike Fn kwanza. Uliza jinsi ya kuligeuza hilo. Kukosa kitufe cha Insert si hasara, kwani NVDA hukubali Caps Lock mahali pake. MacBook Pro za mitumba zenye kioo cha kugusa badala ya vitufe vya juu, zilizoanza mwaka 2016, ziache hata zikiwa rahisi, kwa sababu kidole hakipati cha kupapasa.

Hakikisha kuna tundu la hedifoni la milimita 3.5. Wimbo utatoka kwenye kadi ya sauti ya nje, na NVDA itatoka kwenye tundu hilo kwa kisikizi cha sikio moja, ili sauti ya msomaji isichanganyike na ya mwimbaji. Bluetooth haifai kwa kazi hii, kwani huchelewesha. Kadi yenyewe iwe na vifundo vya kuzungusha kwa mkono.

Tahadhari kubwa ni ya mitumba. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Laptopu yangu ya pili niliinunua Mombasa ikiwa safi na ya haraka, nami nikafurahi hadi nilipotaka kugeuza ile Fn: badiliko hilo lilikuwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows, ambayo NVDA haiwezi kuisoma, na BIOS ilikuwa imefungwa kwa nywila ya kampuni iliyoimiliki awali. Muuzaji hakuijua. Nilishika Fn miezi minane.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye NVDA inayoendeshwa bila kusakinishwa, uichomeke, usikilize. Windows ikiikataa, huenda iko katika hali ya S, ambayo huruhusu programu za duka la Microsoft pekee. Hali hiyo huondolewa bila malipo, lakini muuzaji aiondoe mbele yako. Ukiwa huna flashi, bonyeza Control, Windows na Enter kwa pamoja, Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, itazungumza. Kwenye Mac ni Command na F5. Kisha omba mwenye macho afungue BIOS na akusomee yaliyomo.

Unaporudi nayo kisiwani Lamu kutoka Mokowe, bandari ya upande wa bara, iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, nao uwe mapajani mwako, si sakafuni mwa boti. Nyumbani usiiache usiku kando ya dirisha linaloelekea baharini, kwa kuwa chumvi huanza na matundu, na matundu ndiyo unayotegemea.