Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Kusoma kwa Kasi

Mwanafunzi wa Moshi aliyerundikiwa vitini kabla ya mtihani, au wakili wa Arusha anayepokea jalada nene jioni wakati shauri linasikilizwa kesho, ana kila sababu ya kutamani kusoma haraka. Hata hivyo, kabla hajalipia mafunzo yanayoahidi maneno elfu moja kwa dakika, ni vyema aelewe jicho linavyofanya kazi.

Jicho halitelezi juu ya mstari. Huruka na kutua, na kila mtuo huchukua takriban robo ya sekunde. Eneo linaloonekana kwa ukamilifu ni dogo mno, hivyo hakuna zoezi litakalomwezesha mtu kusoma ukurasa mzima kwa kuutupia jicho mara moja. Isitoshe, kinachochelewesha zaidi ni kazi ya akili ya kutambua maneno na kuyaunganisha yalete maana. Evelyn Wood wa Marekani alianza kufundisha mbinu zake kibiashara mwaka 1959, lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Keith Rayner na wenzake mwaka 2016 yalionyesha kwamba kasi inapoongezwa sana, uelewa hupungua. Hata ile sauti ya ndani inayotamka maneno kimoyomoyo, ambayo walimu wengi wa kasi hutaka inyamazishwe, humsaidia msomaji kuelewa.

Jipime mwenyewe. Chukua ukurasa ambao hujausoma, uusome kwa mwendo wako wa kawaida huku ukihesabu muda, kisha ufunge na uandike yote unayoyakumbuka. Ukurasa unaofuata usome kwa nusu ya muda huo, halafu linganisha maandishi yako. Usijilinganishe na wastani wa maneno 238 kwa dakika, uliokadiriwa na Marc Brysbaert mwaka 2019, kwa kuwa ni wa wasomaji wa Kiingereza, ilhali neno moja la Kiswahili huweza kubeba sentensi nzima.

Kinachofaa kujifunza, kwa maoni yangu, ni kupitia maandishi juujuu kwa makusudi. Mwanachama wa AMCOS (chama cha ushirika wa masoko ya mazao) ya kahawa aliyepewa taarifa ya mwaka muda mfupi kabla ya mkutano mkuu aanze na yaliyomo, vichwa vya habari na sentensi ya kwanza ya kila aya, akiweka alama panapohusu fedha. Akifika kwenye makato na malipo, apunguze mwendo na asome neno kwa neno, kwani katika sentensi "malipo ya pili hayatatolewa msimu huu", jicho lenye haraka huruka silabi moja tu na kusoma kinyume chake.

Kasi ya kudumu hutokana na kuyazoea maneno ya fani yako. Andika istilahi zinazokukwamisha, tafuta maana zake, na usome maandishi ya fani hiyo kila siku. Baada ya miezi kadhaa, rudia kipimo kwa ukurasa mpya wenye ugumu uleule.