Somo: Kuzuia makosa kliniki ya wagonjwa wa nje, tangu mlangoni hadi dirisha la dawa

Somo hili ni la zahanati na vituo vidogo, kama vya visiwa vya Lamu na Pate pwani ya Kenya, ambako muuguzi mmoja huandikisha, hupima na pengine hutoa dawa asubuhi hiyo hiyo. Makosa mengi hapo hayatokani na ujinga. Hutokea pale mgonjwa, karatasi au neno linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya 1. Fuata kitabu. Siku yenye watu wengi, fuata vitabu vya wagonjwa watano tangu mlangoni hadi dirishani. Andika kila kinapokaa, kwa muda gani, na nani aliyeuliza jina tena. Mara nyingi utakuta hakuna aliyeuliza.

Hatua ya 2. Jina. Hapa tukae kidogo. Mtaa wa Langoni, mjini Lamu, peke yake una kina Fatma Ali wangapi? Jina la mtu na la babake halitoshi. Ongeza la babu, kisha kitambulisho cha pili: tarehe ya kuzaliwa, au kwa mzee asiyeijua, jina la mama au nambari ya simu. Mtaa usiutegemee, maana wenye jina moja aghalabu ni jamaa na nyumba zao zimepakana.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ukisema "Wewe ndiye Fatma Ali?", bibi mwenye homa na masikio mazito ataitikia "Naam" hata kama ni Fatma Athmani. Sema "Jina lako kamili, bibi?", kisha nyamaza alitaje mwenyewe. Uliza mara nne: akiandikishwa, akitolewa damu, kabla ya sindano, na akipewa dawa. Chupa ya damu iandikwe jina mgonjwa akiwa bado kitini. Zinazoandikwa mapema zikapangwa mezani ndizo zinazobadilishana wenyewe.

Hatua ya 3. Foleni. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asizindukane, aingie ndani mara moja. Dalili moja yatosha. Zibandikwe mbele ya anayeandikisha, si chumbani kwa daktari.

Hatua ya 4. Uzani na dawa ya maji. Kilo za mtoto zipimwe siku ile ile, viatu vimevuliwa, mzani umerudi sifuri. Kukisia kwa macho hakufai.

Chukua mtoto wa kilo 12. Paracetamol kwa 15 mg kila kilo ni 180 mg. Chupa ikiwa ya 120 mg kwa ml 5, atapewa ml 7.5. Sasa shehena mpya imeletwa, chupa ni za 250 mg kwa ml 5, na mkono wa mtoa dawa umezoea ml 7.5. Mtoto atapata 375 mg, zaidi ya maradufu, kila dozi. Dawa ni ile ile, jina ni lile lile, kwa hivyo hakuna atakayeshtuka. Daktari aandike mg, ml na nguvu ya chupa. Mtoa dawa asome lebo kwa sauti kabla ya kumimina. Chupa za nguvu mbili zisikae rafu moja.

Mpe mzazi bomba la sindano lisilo na sindano, chora mstari kwa kalamu kwenye ml 7.5, naye avute maji mbele yako. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Hatua ya 5. Hesabu. Kila Alhamisi vuta rekodi 20 za watoto, uhesabu ngapi zina uzani. Tuseme ni 11. Hamisha mzani ukae kando ya meza ya kuandikisha, na usibadilishe kitu kingine. Hesabu tena baada ya wiki mbili. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua lililofaa ni lipi.

Maswali na majibu

*Swali: Tukiitisha majina matatu mbele ya watu, siri ya mgonjwa iko wapi? Mji wetu mdogo huu.*
Kweli kabisa. Barazani ita nambari ya kadi tu. Jina aulizwe akishakaribia meza, kwa sauti ya chini.

*Swali: Jik tuichanganye vipi kwa damu iliyomwagika?*
Soma chupa kwanza. Ikiwa ni ya klorini 3.5%, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji hutoa 0.5%. Changanya upya kila siku na ufunike, kwani jua na joto huiua nguvu. Usiitie asidi wala dawa nyingine ya choo, hutoa hewa ya sumu.

*Swali: Wenzetu wanaogopa kusema wamekosea. Tufanyeje?*
Anzeni na nusura: kosa lililoshikwa kabla halijamfikia mgonjwa. Wekeni daftari lisilo na safu ya jina la mfanyakazi, mistari mitatu tu: nini kilitaka kutokea, wapi, kilishikwaje. Mkubwa wa kituo aandike ya kwanza yake yeye. Siku atakayouliza "nani huyu?", daftari limekufa.

*Swali: Mgonjwa wa Faza, kisiwani Pate, haketi kungoja majibu ya maabara. Boti ikiondoka, naye keshaondoka.*
Usimlaumu, maji ya Mkanda, mlango wa bahari boti zinamopita, hayamngojei mtu. Anayeandikisha aulize "Unarudi na boti ya saa ngapi?" na aiandike juu ya fomu ya maabara, sampuli hiyo itangulie. Chukua nambari mbili za simu, yake na ya jamaa, na umuulize kama jamaa huyo aruhusiwa kuambiwa majibu au ni kumwita tu. Kisha muwe na daftari la majibu yanayongojewa, na mtu mmoja, kwa zamu inayojulikana, alifungue kila jioni kabla ya kufunga mlango. Jibu ambalo halijampata mwenyewe lisikatwe mstari.