Usifute rasimu ya kwanza

Wewe unayemalizia shahada ya uzamili, kabla hujapeleka tasnifu kujalidiwa, fungua rasimu ya kwanza ya pendekezo lako la utafiti. Ndiyo, ile iliyorudi imejaa wino mwekundu. Isome sambamba na sura ya mwisho. Yangu ilikuwa na swali la utafiti la mistari sita, na pembeni msimamizi kaandika maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Nililia chooni siku ile. Leo nikikutana na swali refu hivyo nalikata mwenyewe. Andika mabadiliko mawili matatu ya namna hiyo, kwa mifano, ungali unakumbuka. Kwenye usaili wakikuuliza masomo yamekubadilisha vipi, hutaishia "nimejifunza mengi". Rasimu yenyewe ihamishie kwenye barua pepe yako binafsi. Vyuo vingine huifunga ya chuo ukishahitimu.