Somo: Kukadiria hp za injini kwa kasi ya mwisho wa robo maili na uzito wa gari

Wakuu, kila anayefunga turbo kubwa (feni inayoisukumia injini hewa zaidi) au kubadilisha programu ya kompyuta ya injini anarudi na namba za hp (nguvu-farasi) mdomoni: 350, 400, wengine 500. Mashine za kupimia nguvu, yaani daino, ni chache na ni ghali. Lakini gari lenyewe lina namna ya kusema ukweli, mradi ulikimbize robo maili na ulipandishe kwenye mizani. Wamarekani wamefanya hivi tangu enzi za mwanzo za mbio za dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu), na hesabu yake inaingia kwenye kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: uzito

Usinakili uzito wa kwenye kadi ya gari. Kadi inazungumzia gari lilivyotoka kiwandani, haijui rimu ulizobadilisha, boksi la spika wala abiria. Tafuta mizani ya malori, hata ya wauza vyuma chakavu, upime gari likiwa na mafuta uliyokimbilia, wewe mwenyewe umeketi kwenye usukani na helmeti yako. Mabishano mengi ya vijiweni yanaharibikia hapa. Kwenye mfano wa chini, kilo 50 zilizosahaulika ni hp 10 zilizopotea.

Hatua ya 2: kasi

Robo maili ni mita 402.3. Mtambo wa uwanjani haupimi kasi pale kwenye mstari wenyewe. Hupima muda wa kupita futi 66 za mwisho, sawa na mita 20.1, kisha hupiga wastani. Kwa 170 km/h kipande hicho kinapitwa kwa sekunde 0.43 tu. Kwa hiyo ukiachia mafuta mapema kidogo umeshaharibu kipimo. Kanyaga mpaka uvuke mstari ndipo ufikirie breki. Na hii ni kazi ya uwanjani au barabara iliyofungwa rasmi. Barabara ya watu haina futi 66 za kuchezea.

Hatua ya 3: hesabu

Gawanya kasi (km/h) kwa 289.3. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa lenyewe tena. Halafu zidisha kwa kilo za gari na dereva.

Mfano: kilo 1,500, kasi 170 km/h.
170 ÷ 289.3 = 0.5876
0.5876 × 0.5876 × 0.5876 = 0.2029
0.2029 × 1,500 = hp 304

Kwa sababu kasi inajizidisha mara tatu, kosa la km/h 1 tu hapa linahamisha hp 5 hivi. Usikubali mtu akuzungushie namba "kama 170, 175 hivi".

Hatua ya 4: linganisha na muda

Mimi hatua hii naipenda kuliko zote. Gawanya 2,193 kwa kasi yako. Kwa 170 unapata sekunde 12.9, ndio muda ambao gari hilo lilistahili. Karatasi yako ya matokeo ya uwanjani ikisoma 13.6, injini haina kosa. Umepoteza sekunde 0.7, na sehemu kubwa imepotelea mita za mwanzo: tairi zilizunguka bure, klachi iliungua, au turbo ilichelewa kuamka. Muda unaharibika sana na mwondoko mbaya. Kasi ya mwisho haiguswi sana. Ndiyo maana hp tunazitafuta kwa kasi, na muda tunauachia utuambie habari za dereva na tairi.

289.3 imetoka wapi?

Kwa fizikia tupu, nguvu ni uzito mara kasi mara kasi mara kasi, kisha ugawe kwa umbali uliozidishwa kwa 3 (kilo, mita kwa sekunde, mita, jibu ni wati). Gari letu la mfano linatoa kama wati 130,900, yaani hp 175 tu. Pengo hadi 304 ni vitu halisi: sekunde za mwanzo ambazo tairi haziwezi kubeba nguvu yote, muda wa kubadili gia, injini kutokuwa kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) yake nzuri wakati wote, msuguano wa giaboksi na difu, na upepo. Pengo hilo halikokotolewi mezani. Limepatikana kwa kulinganisha magari yaliyopimwa. Roger Huntington, mwandishi wa magari wa Marekani, alitumia 225 kwa maili na pauni. Patrick Hale, mtaalamu wa hesabu za mbio za dragi, baadaye akaweka 234, na 289.3 ni hiyohiyo kwa kilomita na kilo. Ukitumia ya Huntington, gari lile linasoma hp 342. Kwa hiyo ukibishana na mtu, kwanza muulize ametumia namba gani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, hizo hp ni za injini au za kwenye tairi?*

Za injini. Hasara za giaboksi zimeshaingizwa ndani ya 289.3. Naona watu wanachukua jibu halafu wanaongeza asilimia 15 "ya giaboksi". Huko ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili.

*Gari langu la Kijapani limeandikwa PS 280, hesabu imetoa 304 na sijagusa kitu. Nimekosea?*

Si lazima, kaka. PS ni farasi za kimetriki, ndogo kidogo kuliko hp: PS 280 ni hp 276, na watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya hapo hadi 2004, Honda Legend ilipotoka na PS 300. Baadhi ya injini za kipindi kile zilitoa zaidi ya maandishi. Rudia mizani kwanza, ikithibitika furahi.

*Niko Nairobi. Mwinuko unaathiri?*

Sana. Uwanja wa dragi wa Bandimere, karibu na Denver huko Colorado, ulikuwa kwenye futi 5,800 hivi, karibu sawa na Nairobi, na muda wa pale haukulinganishwa na wa pwani bila kurekebishwa. Kwenye mwinuko huo hewa ina uzito wa asilimia 84 hivi ya ile ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 16 ya nguvu zake. Hesabu inakupa hp za pale ulipokimbia. Ukitaka makadirio ya Mombasa gawanya kwa 0.84. Yenye turbo usiifanyie hivyo, kwani turbo inafidia sehemu ya hewa iliyopungua.

*Sina uwanja wenye taa. GPS ya simu inatosha?*

Simu nyingi husoma mara moja kwa sekunde, na kwa 170 km/h sekunde moja ni mita 47. Kosa lake linaweza kumeza hp nyingi. Tumia kifaa kinachosoma mara 10 au zaidi kwa sekunde.

*Sisi tuna nusu yake tu, mita 200.*

Zidisha kasi ya mita 200 kwa 1.25 upate makadirio ya robo maili, kisha endelea na hatua ya 3. Ni ya kukisia zaidi, kwa kuwa mwondoko mbaya unaonekana sana kwenye umbali mfupi. Fanya mikimbio kadhaa asubuhi upepo ukiwa umetulia, na uchukue kasi zinazokaribiana, sio ile moja kubwa kuliko zote.