Namna ya Kuuzuru Gallipoli, Mji wa Wavuvi Kusini mwa Italia

Kabla ya kukata tiketi, hakikisha kwanza kwamba unasoma habari za mji ulio sahihi, kwa sababu ziko Gallipoli mbili. Ile ya Uturuki, ambayo wenyewe huiita Gelibolu, ndiyo iliyopiganiwa mwaka 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hii ninayoieleza hapa iko kwenye kisigino cha Italia, katika mkoa wa Puglia, na inaikabili Bahari ya Ionia kwa upande wa magharibi. Majina yote mawili yametokana na neno la Kigiriki Kallipolis, yaani mji mzuri, na mtu anayetafuta kwa haraka huweza kujikuta anasoma habari za mahandaki na makaburi ya askari badala ya nyavu na kamba wa baharini.

Mji wa kale umejengwa juu ya kisiwa kidogo cha mawe ya chokaa, na umeunganishwa na bara kwa daraja lililojengwa katika karne ya 17. Wageni wengi hufika mwezi wa Julai na Agosti kwa ajili ya fukwe za Baia Verde na kumbi za muziki zilizo kusini mwa mji, kisha jioni huvuka daraja wakapiga picha, wakala, wakarudi walikotoka. Sina ugomvi nao, lakini anayetaka kuuona mji wenyewe itamlazimu apange siku yake kwa saa za wavuvi, kwa maana kila kitu kilichomo humo, kuanzia makanisa hadi bei ya chakula, bado kinategemea mashua zimetoka au hazikutoka.

Jambo la kwanza, basi, ni kuchagua majira. Mei, Juni na nusu ya kwanza ya Septemba ni nyakati nzuri: bahari ina joto la kutosha, vyumba vinapatikana, na njia za mji wa kale hazijajaa watu. Agosti, hasa siku zinazozunguka sikukuu ya Ferragosto ya tarehe 15, Waitaliano wenyewe huwa likizoni na bei za malazi hupanda mno. Fahamu pia kwamba kila mwaka serikali husimamisha uvuvi wa meli za kukokota nyavu kwa wiki kadhaa ili samaki wazaliane, utaratibu unaoitwa fermo pesca. Tarehe zake hubadilika kila mwaka na hutofautiana kati ya bahari moja na nyingine, hivyo muulize mwenye nyumba utakayofikia kabla ya kulipa. Ukifika wakati huo utakuta meli zimefungwa gatini na wavuvi wanashona nyavu na kupaka rangi, jambo ambalo nalo lina utamu wake, lakini usitarajie samaki wengi waliovuliwa siku hiyo.

Raia wa nchi za Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Usingoje siku za mwisho, kwani miadi ya kupeleka maombi ndiyo inayochelewesha watu zaidi kuliko viza yenyewe.

Uwanja wa ndege ulio karibu ni wa Brindisi, umbali wa kilomita 80 hivi. Ukitokea Roma, Bari au Brindisi kwa treni, utashuka Lecce, kisha utabadilisha na kupanda treni ndogo ya Ferrovie del Sud Est inayokwenda Gallipoli kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo, ikipita katikati ya mashamba ya mizeituni. Mingi kati ya mizeituni hiyo utaiona imekauka ikiwa imesimama, kutokana na bakteria aitwaye Xylella aliyetambuliwa katika eneo hilohilo la Gallipoli mwaka 2013 na ambaye tangu hapo ameua mizeituni kwa mamilioni kusini mwa Puglia. Jumapili na sikukuu huduma ya treni hizo hupungua sana au hubadilishwa na mabasi, kwa hiyo soma ratiba ya siku yako hasa, wala usitegemee ya siku ya kazi. Ratiba zenyewe huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane: treni ya 16:10 ni ya saa kumi na dakika kumi alasiri kwa hesabu yetu, na aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kuikosa kirahisi akisoma akiwa na usingizi. Mwenye gari la kukodi aliache upande wa bara, kwa sababu magari ya wageni yamewekewa mipaka ndani ya mji wa kale na kamera huandika namba bila kumhurumia mtu.

Kwa malazi, ningekushauri ulale ndani ya kisiwa walau usiku mmoja, hata kama chumba ni kidogo na ngazi ni za kuparamia. Faida yake utaiona alfajiri, kabla ya watu wa fukweni kuamka. Kumbuka kwamba juu ya bei ya chumba hutozwa kodi ya mgeni kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hudaiwa taslimu.

Sasa tuingie katika siku yenyewe. Meli za kukokota nyavu huondoka gizani na kurejea alasiri, ilhali mashua ndogo za nyavu za kutega na madema, yaani mitego ya kufuma, huingia asubuhi. Mwisho wa juma meli kubwa kwa kawaida hazitoki, na siku za upepo mkali hakuna anayetoka. Kwa hiyo siku bora za kuwa gatini ni kati ya Jumanne na Ijumaa. Kuanzia saa kumi alasiri simama upande wa Seno del Canneto, ghuba ndogo iliyo chini ya ngome, karibu na daraja. Utaziona meli zikiingia moja moja huku shakwe wamezifuata kama moshi, kisha makasha yanashushwa yakiwa yamepangwa samaki safu kwa safu juu ya barafu. Tafuta kwa macho kasha la kamba wa zambarau, gambero viola, ambao ndio fahari ya mji. Huvuliwa kwenye kina cha mamia ya mita, kichwa kikiwa na rangi ya divai nyekundu inayoelekea samawati, na rangi hiyo hufifia kadiri saa zinavyopita tangu kuvuliwa. Ukikuta kichwa kimeanza kuwa cheusi, muuzaji akuambie analotaka, kamba huyo si wa leo.

Usisimame kwenye njia ya mikokoteni, na usipige picha ya uso wa mtu anayefanya kazi bila kumwomba. Neno "permesso", yaani naomba nipite, litakufungulia nafasi, na "buonasera", yaani habari za jioni, iliyosemwa kwanza itakupa jibu. Kando ya gati unaweza kumkuta mzee anafuma nassa kwa matete. Nassa ni dema kabisa: tumbo pana, mdomo unaopungua kwenda ndani, samaki aingie asijue pa kutokea. Aliyekulia pwani yetu hahitaji kuelezwa kinavyofanya kazi, na ukimwonyesha mzee huyo kwa mikono kwamba kwenu pia wanafuma kitu hicho, mazungumzo yatakwenda hata bila lugha.

Soko la samaki liko pembeni ya ngome, mara tu uvukapo daraja. Nenda asubuhi, uangalie kwanza bila kununua. Bei huandikwa kwa kilo sokoni, lakini kwenye mikahawa ya samaki huandikwa kwa "etto", yaani gramu 100, na hapo ndipo wageni wengi huumia. Tuseme orodha ya vyakula inaonyesha euro 6 kwa etto. Samaki mzima wa gramu 800 atakugharimu euro 48, si 6. Mwambie mhudumu akuletee samaki mezani umwone, ampime mbele yako, akutajie jumla kabla hajaingia jikoni. Hakuna atakayechukia, kwani wenyeji hufanya hivyohivyo. Kinyota kidogo kando ya jina la chakula kwa kawaida humaanisha kwamba kimegandishwa, na mstari wa "coperto" kwenye hesabu ni malipo ya meza na mkate, si wizi. Samaki anayeliwa mbichi lazima, kwa kanuni za Ulaya, awe amegandishwa kwanza, kwa kawaida kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua saa 24, kwa hiyo usishangae ukisoma neno "abbattuto", yaani aliyegandishwa hivyo.

Kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja hivi, mji hulala. Wenyewe huita wakati huo "controra". Maduka hufungwa, makanisa mengi hufungwa, na ukigonga mlango utaonekana mtu asiye na adabu. Wewe nawe pumzika, au shuka kwenye Spiaggia della Purità, ufuko mdogo uliopinda kama mwezi mwandamo chini ya kuta za mji, ambako familia za wavuvi huogelea.

Asubuhi ni ya makanisa na vichochoro. Anza na Kanisa Kuu la Mtakatifu Agata, la karne ya 17, ambalo uso wake wa mawe ya dhahabu umejaa nakshi kiasi kwamba kwenye kichochoro kile chembamba huwezi kurudi nyuma ukauona wote kwa pamoja. Ndani mna picha za Giovanni Andrea Coppola, mchoraji mzaliwa wa mji huo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, yaliyo na habari zaidi ni makanisa madogo yaliyopangwa ukingoni yakiitazama bahari, kwa sababu yalijengwa na vyama vya kazi: makuli wa bandarini walikuwa na kanisa lao la Santa Maria della Purità, na watengeneza mapipa walikuwa na lao la Msalaba. Katika kanisa la Mtakatifu Francis wa Assisi waulize wakuonyeshe Malladrone, sanamu ya mbao ya mwizi mwovu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Ana tabasamu baya mno, na wenyeji husimulia kwamba nguo anazovishwa huchakaa zenyewe kwa ubaya wake.

Mapipa yale yalikuwa ya mafuta, nayo ndiyo yaliyoujenga mji. Kwa karne kadhaa Gallipoli ilisafirisha mafuta ya zeituni ya kuwashia taa hadi kaskazini mwa Ulaya, zikiwamo London na St. Petersburg, na yalikamuliwa chini ya ardhi, katika vinu vilivyochongwa ndani ya mwamba kwa kuwa joto la huko liliyafanya mafuta yatiririke bila kuganda. Kimoja kiko chini ya Palazzo Granafei na hufunguliwa kwa wageni. Shuka ngazi taratibu, uangalie jiwe la kusagia na mashimo ya kutulizia mafuta, kisha ufikirie wanaume na nyumbu walioshinda humo majira yote ya baridi, taa ikiwa moja. Kinu hicho kiko kwenye njia inayoitwa kwa jina la Antonietta De Pace, mwanamke aliyezaliwa mjini Gallipoli mwaka 1818 na kuingia Napoli pamoja na Garibaldi, jenerali aliyepigania kuiunganisha Italia, tarehe 7 Septemba 1860.

Chemchemi ya Kigiriki, iliyo upande wa bara karibu na daraja, usiipe zaidi ya dakika kumi. Vibao husema ni ya kale sana, lakini wataalamu wengi huiona kuwa kazi ya karne ya 16.

Ukiweza kuchagua tarehe, chagua sikukuu ya Mtakatifu Kristina, kati ya tarehe 23 na 25 Julai, nikikiri kwamba joto na umati vitakuwepo. Sanamu hupelekwa baharini ikisindikizwa na mashua, na vijana hushindana kutembea juu ya mlingoti uliopakwa mafuta ambao umelazwa juu ya maji ili kuinyakua bendera iliyo mwishoni. Karibu wote huanguka, na gati zima hucheka. Wakati wa sikukuu ndipo pia huuzwa scapece: samaki wadogo waliokaangwa, wakapangwa ndani ya pipa la mbao kwa tabaka za chenga za mkate zilizolowekwa siki na zafarani. Husimuliwa kwamba kilikuwa chakula cha kuwekwa akiba wakati mji umezingirwa na maadui.

Kuhusu upepo, kanuni ya wenyeji ni rahisi: tramontana wa kaskazini ukivuma, oga upande huu wa Ionia, scirocco wa kusini-mashariki ukivuma, vuka uende upande wa Adriatiki.

Siku ya kuondoka, chupa ya mafuta ya zeituni ipakie kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, kwani mkononi vimiminika kwa kawaida haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chombo. Scapece, kwa upande wake, ile palepale gatini. Siki na zafarani zikivujia kwenye nguo, rangi ya manjano haitoki.