Gumegume ya kuwindia kulungu: mambo ya kuzingatia kabla hujainunua

Siku ya kwanza niliyokwenda kuwinda katika milima ya Pennsylvania, theluji ilikuwa ya majimaji, ile inayogeuka mvua kabla haijatua begani. Kulungu jike akasimama hatua arobaini hivi mbele yangu, ubavu wote wazi. Nikafyatua. Nikasikia "tak", basi. Nilipofunua kibakuli cha baruti kilicho pembeni mwa mtutu, nilikuta uji mweusi unaonata kidoleni. Mtutu ulikuwa mzima na kitako kizima. Maji yalikuwa yamepita kwenye ufa mwembamba kama ukucha, kati ya kibakuli na kifuniko chake.

Jimbo hilo la Marekani lina msimu wa kulungu wa gumegume tangu 1974, na kwa kawaida huanza mara tu baada ya Krismasi na kuingia Januari. Gumegume ni aina ya zamani ya gobori: unashindilia baruti na risasi kwa mdomoni, na moto unatokana na jiwe linalokwangua chuma. Fataki, yaani kile kikofia kidogo cha kilipuzi kinachogongwa na nyundo, hairuhusiwi katika msimu huo. Kwa hiyo wenzangu mnaoishi huko na mnaotaka kujaribu, mkishamaliza mafunzo ya uwindaji na kupata leseni, jambo linalofuata ni kuchagua bunduki itakayowaka kwenye unyevu.

Muuzaji atakuonyesha mtutu usioshika kutu na kitako cha plastiki, akuambie hii inastahimili mvua. Ni kweli kwa chuma na kitako. Lakini anza na mtambo, yaani nyundo, jiwe na kibakuli. Vuta nyundo, funga kile chuma kinachofunika kibakuli, ambacho ndicho jiwe hukikwangua, halafu inua bunduki kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, maji nayo yatapenya. Bana kipande cha karatasi nyembamba kati ya kifuniko na kibakuli, ukivute pande zote. Kisishikwe upande mmoja na kulegea upande mwingine. Kasoro ndogo fundi anaweza kuisawazisha kwa tupa, ila kama ufa ni mkubwa, mwachie mwenyewe bunduki yake.

Kisha omba ruhusa uipige bila baruti, mahali penye giza kidogo. Cheche zinatakiwa ziwe nyingi, nyeupe, na zidondoke ndani ya kibakuli. Zikiwa nyekundu na chache, huenda jiwe limechoka au chuma hakikugumishwa vizuri. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: zile cheche ni vipande vidogo vya chuma vinavyoungua baada ya kukwanguliwa na jiwe, na chuma kisichoshika kutu hakitoi cheche za maana. Kwa hiyo hata bunduki iliyotangazwa kuwa haishiki kutu, chuma chake cha cheche ni cha kawaida na kitashika kutu usipokifuta. Kifute kikauke kabisa lakini usikiache na mafuta, maana jiwe likiteleza hakuna moto. Jiwe nalo lishikwe na ngozi au bamba jembamba la madini ya risasi kwenye taya za nyundo, na ubebe mengine mawili mfukoni.

Tazama tundu la moto, lile linalotoka kibakulini kwenda ndani ya mtutu. Mimi napendelea lenye kidude cha kufungua kwa parafujo, kwa sababu tundu hupanuka kwa kuungua na siku moja utataka kulibadilisha. Hapohapo uliza kama kizibo cha nyuma ya mtutu kinafunguka. Kampuni ya Traditions ina bunduki iitwayo PA Pellet yenye kizibo cha namna hiyo. Faida yake unaijua siku baruti imelowa ndani: unafungua nyuma na kusukuma kila kitu nje, badala ya kuhangaika na parafujo ya kuchomolea risasi huku vidole vimekufa ganzi. Bunduki nyingi za mtindo wa zamani hazina hilo. Si vibaya kuzinunua, ila jifunze kwanza kuchomoa risasi ukiwa nyumbani.

Kitako cha mbao kizuri hunipendeza kuliko plastiki, nakiri. Mbao hata hivyo hunywa maji na kuvimba, na ikivimba pale mtambo ulipokaa, nyundo hugoma. Ukichagua mbao, toa mtambo na upake mafuta ya kitani ndani ya shimo lake, si nje peke yake. Mtutu mweusi wa kawaida unatosha kabisa kwa mtu anayesafisha siku hiyohiyo. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu hewani, na ukiyaacha hadi kesho, hata mtutu wa bei kubwa utakusikitisha. Maji ya moto, sabuni, kitambaa kikavu, mafuta.

Kuhusu kaliba, yaani upana wa ndani ya mtutu kwa inchi, sheria ya jimbo inataka isipungue .44; nunua .50 na usisumbuke zaidi. Angalia mifereji ya ndani inavyozunguka: mzunguko mmoja kwa inchi 66 unafaa risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa, inchi 28 unafaa risasi ndefu, na 48 uko katikati. Risasi ya mviringo ya .50 ina gramu 11 hivi na hupoteza nguvu upesi, kwa hiyo mimi sivuki mita 70.

Baruti iwe nyeusi ya kweli, ya shura, mkaa na salfa. Zile mbadala zinahitaji joto kubwa zaidi ili ziwake, na cheche za jiwe haziliwezi. Hata kama bunduki yako inakubali vidonge vya baruti mbadala ndani ya mtutu, kibakulini weka baruti nyeusi laini, kidogo tu, isizibe tundu. Ukiwa porini kwenye mvua, ibadilishe kila nusu saa: futa, kausha, weka mpya. Nunua pia kile kifuniko cha ngozi kinachofungwa juu ya mtambo, ambacho wawindaji huko hukiita goti la ng'ombe, na ukipake nta ya nyuki. Mdomo wa mtutu uzibe kwa utepe.

Miwani ya kukinga macho usiiache, na mwenzako asisimame upande wa tundu la moto, maana moto hutoka pembeni. Ikigonga "tak" bila kulipuka, shikilia shabaha, hesabu dakika nzima mtutu ukielekea pasipo na mtu. Wakati mwingine moto unakuwa bado njiani.

Jioni ukirudi, usiiingize bunduki iliyoshindiliwa ndani ya nyumba yenye joto. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto hutoka jasho, ndani ya mtutu pia, na asubuhi baruti itakuwa imelowa bila tone la mvua. Mimi huifyatua kwenye shabaha kabla ya kuondoka porini, nikaisafisha usiku, nikashindilia upya kesho yake nikiwa nimeshafika. Juu ya mdeki, ule ufito wa kushindilia, nimechora alama mbili kwa kisu: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa. Kabla ya jambo lolote, natumbukiza mdeki na kutazama alama ipi imekaa mdomoni.