Kutembelea Ziwa Chala na Mpaka wa Holili Ukiwa na Familia

Mkazi wa Moshi anayetaka kuwatoa watoto siku ya Jumamosi kwa kawaida huwaza chemchemi za Chemka au Marangu. Wachache hukumbuka kwamba upande wa mashariki, kwa njia ya Himo, lipo Ziwa Chala, lililokaa ndani ya kasoko ya volkano na kulishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Mlima Kilimanjaro, na kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji hayo bila uzio wowote. Safari hiyo haina ugumu mkubwa, lakini inadai maandalizi ambayo Chemka haiyadai.

Amueni kabla ya kutoka nyumbani iwapo mtaishia upande wa Tanzania au mtavuka kwenda Taveta, mji wa upande wa Kenya, kwa kuwa hizo ni safari mbili tofauti. Mkiishia upande wetu, bebeni vitambulisho vya taifa, maana askari wa maeneo ya mpakani wana haki ya kuuliza mgeni ni nani na anakwenda wapi. Mkivuka, kila mmoja anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Msitegemee kitambulisho cha taifa (kadi ya NIDA) peke yake. Niliwahi kurudi nyumbani kutoka mpakani nikiwa na karatasi za watu wote isipokuwa za mwanangu wa mwisho, aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake, kwa sababu nilidhani mtoto asiyejua kutembea hahesabiwi. Anahesabiwa. Mzazi anayesafiri bila mwenzake abebe pia cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, na familia nzima iwe na kadi za chanjo ya homa ya manjano.

Holili, upande wetu, na Taveta hufanya kazi kwa mfumo wa kituo cha pamoja, na hapo ndipo wageni wengi huchanganyikiwa. Anayetoka Tanzania hukamilisha taratibu za nchi zote mbili katika jengo la upande wa Taveta, na anayerudi huzikamilisha Holili. Kwa hiyo usipoteze muda ukitafuta dirisha la kutokea upande wetu, ila usiondoke kwenye jengo la Taveta kabla ya kuhakikisha kwamba umepata mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia. Gari nalo linahitaji kibali cha forodha na bima inayotambulika Kenya, usumbufu ambao kwa matembezi ya siku moja sioni faida yake. Vijana wa bodaboda watakueleza kwamba ipo njia ya panya iliyo fupi na isiyo na foleni. Ipo kweli, lakini anayeipita ameingia nchi ya watu kinyume cha sheria, hata kama alifuata chapati tu.

Leo mpaka huu ni mtulivu, ingawa haukuwa hivyo siku zote. Mstari wenyewe ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyoupindisha ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Hadithi kwamba malkia wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima huo ni tamu kuliko ilivyo kweli. Taveta ilitekwa na Wajerumani mwaka 1914 na kukombolewa na Waingereza mwaka 1916. Kisha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kwa hiyo usishangae ulinzi kuchukuliwa kwa uzito: usipige picha za askari, ofisi, magari ya serikali wala vizuizi, na droni iache nyumbani kama huna kibali.

Kwenda ziwani kwa upande wa Tanzania, mtaiacha lami kabla ya kufika kituo cha Holili na kuelekea kaskazini kwa barabara ya vumbi. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu wakati wa masika gari dogo linaweza kukwama. Kuta za kasoko ni za mwinuko mkali, na njia ya kushukia majini inataka viatu vinavyoshika, maji ya kunywa ya kutosha na mtu mzima mmoja kwa kila mtoto mdogo. Kuogelea sishauri kabisa. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba katika ziwa hili, na hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kwamba mamba wamekwisha. Tazameni rangi ya maji kutoka juu, kuleni, kisha pandeni gari.

Chakula kifungeni kwenye vyombo au vikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Zimeni pia data ya nje ya nchi kwenye simu, kwani karibu na mpaka simu huhamia mtandao wa Kenya bila kuaga na salio likayeyuka.

Watoto watakaolalamika kwamba wameonyeshwa maji wasiyoyaoga wapelekeni Chemka siku nyingine, kwa njia ya Boma Ng'ombe. Huko maji yanayoitwa ya moto ni ya uvuguvugu tu, samaki wadogo hudonoa nyayo, na pana kamba ya kurukia majini. Fikeni asubuhi, kabla ya magari ya watalii, na asiyejua kuogelea avalishwe boya.